Muqabala: Tusilinganishe Orodha Mbili kwa Kumbukumbu



Ndugu zangu katika imani, Ramadhani iliyopita nilikuwa katika kamati yetu ya sadaka. Kazi niliyopewa ilionekana nyepesi: kuchukua faili mbili za Excel na kutoa orodha moja. Faili ya kwanza ilikuwa na majina ya wanafunzi walioomba msaada wa chakula kwa fomu. Ya pili ilikuwa na majina yaliyoletwa na viongozi wa hosteli. Baadhi ya majina yalikuwa katika faili zote mbili, kwa hiyo ilinibidi nihakikishe kwamba hakuna anayepewa mara mbili na hakuna anayesahauliwa.

Nilifanya kama wengi wetu tunavyofanya. Nilifungua faili ya kwanza ikajaza skrini nzima, nikasoma jina, nikahamia faili ya pili, nikalitafuta, nikarudi. Kufikia jina la arobaini macho yalikuwa mazito. Nikakuta "Hadija" katika faili moja na "Khadija" katika nyingine, na jina la ukoo lilikuwa lilelile. Nikasema moyoni: huyu ni mtu mmoja, tofauti ni tahajia tu. Nikafuta mmoja.

Kumbe walikuwa wawili. Wiki ya tatu ya mfungo, baada ya sala ya Ijumaa katika Msikiti wa Taifa hapa Old Kampala, amira wa akina dada alinijia akiwa pamoja na dada yule niliyemfuta. Siku zote hizo alikuwa akifuturu kwa chai na kile alichogawiwa na mwenzake wa chumba. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia mapema. Akajibu, "Nilidhani mmeona wengine wana haja kuliko mimi, kaka."

Kamati ilimpa haki yake jioni ileile, lakini siku zilizopita hazikurudi. Niliporudi kwenye kompyuta nilikuta kwamba namba za usajili za dada wale wawili ni tofauti kabisa. Zilikuwa katika faili zote mbili, safuwima ya mwisho upande wa kulia. Sikuzilinganisha hata mara moja, kwa sababu sikuwahi kuziweka mbele ya macho yangu kwa wakati mmoja.

Kosa lilikuwa wapi?

Unapohama kutoka dirisha moja kwenda jingine, hulinganishi faili na faili. Unalinganisha faili na kile ulichobeba kichwani, na akili ina tabia ya kusahihisha kimyakimya. Ndugu zetu mahafidh wanalijua hili vizuri. Mtu anasoma aya inayofanana na aya ya sura nyingine, na bila kujitambua anateleza na kuendelea na ile sura ya pili. Ulimi umefuata ulichokizoea. Ndiyo maana hafidh, hata akiwa hodari, huhitaji mtu wa kumsikiliza akiwa ameshika msahafu.

Wanazuoni walifanyaje?

Katika elimu ya Mustalah al-Hadith kuna mlango unaoitwa muqabala, au mu'aradha, yaani kuikabilisha nakala na asili yake. Mwanafunzi alipomaliza kunakili, kazi yake haikuhesabiwa kuwa imekamilika. Imepokewa kwamba Urwa bin Zubayr alimwuliza mwanawe Hisham kama ameshaandika. Akasema ndiyo. Akamwuliza kama amelinganisha maandishi yake na asili. Akasema hapana. Baba akamwambia kwamba, kwa hali hiyo, hajaandika.

Jambo hili lina mfano ulio mkubwa zaidi. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih al-Bukhari, Jibril alikuwa akiipitia Qur'ani pamoja na Mtume, rehema na amani zimshukie, mara moja kila mwaka, na mwaka aliofariki aliipitia naye mara mbili.

Wanazuoni waliweka pia utaratibu wa kazi. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ameeleza kwamba muqabala bora ni mwanafunzi kushika kitabu chake na sheikh kushika chake, kisha wakasoma pamoja. Kabla yake, al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, alipendekeza duara zinazotenganisha hadithi moja na nyingine ziachwe tupu. Kila hadithi ikishalinganishwa, duara yake inatiwa nukta. Wengine waliandika pambizoni neno "balagha", maana yake amefika, ili ijulikane kulinganisha kumefika wapi.

Kwa hiyo mambo ni matatu: nakala mbili ziwe mbele ya macho, wawepo wasomaji wawili, na kila kilicholinganishwa kitiwe alama. Yote matatu yanawezekana kwenye kompyuta ya kawaida.

Namna ya kufanya

1. Tengeneza nakala ya kila faili kwanza, ufanye kazi kwenye nakala hizo. Asili zisiguswe.

2. Panga faili zote mbili kwa namba ya usajili. Kabla ya kupanga, chagua jedwali zima. Ukichagua safuwima moja peke yake, majina yanaweza kutengana na namba zake, na hapo umeharibu kila kitu.

3. Sogeza safuwima ya namba iwe karibu na ya majina katika faili zote mbili, ili zote zionekane hata dirisha likiwa jembamba.

4. Katika Excel ya kwenye Windows, fungua faili zote mbili, nenda sehemu iliyoandikwa "View", kisha bonyeza "View Side by Side". Mara nyingi faili zitakaa moja juu ya nyingine. Ukitaka zikae kushoto na kulia, bonyeza "Arrange All" na uchague "Vertical".

5. Ukiona "Synchronous Scrolling" imewashwa, faili zote mbili zitasogea pamoja unapoteremka.

6. Ikiwa orodha zote mbili zimo katika faili moja, kwenye kurasa tofauti, anza na "New Window". Faili hiyohiyo itafunguka katika dirisha la pili, kisha endelea kama hapo juu.

7. Kama unatumia programu nyingine, shika kitufe chenye alama ya Windows na ubonyeze mshale wa kushoto. Dirisha litakaa nusu ya kushoto ya skrini. Fanya vivyo hivyo kwa dirisha la pili kwa mshale wa kulia.

8. Mwite mwenzako. Mmoja asome namba na jina kwa sauti kutoka faili moja, mwingine afuatilie katika ya pili. Kila mstari uliokubaliana utieni rangi. Hiyo rangi ndiyo nukta ya al-Khatib. Mkipumzika kwa sala, andikeni mlipofika.

Tahadhari

Kwanza, kusogea pamoja kunadanganya. Faili moja ikiwa na mtu ambaye hayumo katika nyingine, kuanzia hapo mistari haitalingana tena ingawa madirisha yanateremka kwa hatua ileile. Zima kusogea kwa pamoja, rudisha mistari ielekeane, kisha uwashe tena.

Pili, majina yetu hayana tahajia moja. Hapa Kampala mtu huyohuyo huandikwa Sulaiman, Suleiman au Sulayiman, na majina ya Kiganda mengine huanza na S moja au mbili kutegemea aliyeandika. Kinyume chake pia hutokea, kama nilivyoona mimi: majina yanayofanana ya watu wawili. Usifute mtu kwa sababu ya jina. Tazama namba, na ukibaki na shaka mpigie simu.

Tatu, fomula za kutafuta majina yanayojirudia zinasaidia, lakini kwa fomula "Hadija" na "Khadija" ni majina mawili tofauti, na hata nafasi tupu iliyoachwa mwisho wa jina inaweza kuiangusha. Itumie kwenye namba za usajili, kisha macho yathibitishe.

Nne, orodha ya wahitaji ni siri ya watu. Msiionyeshe kwenye projekta ya ukumbi wala msiitume katika kundi la WhatsApp. Wasomaji wawili wanatosha.

Ustadi huuhuu utakufaa darasani. Mimi sasa huweka rasimu ya insha yangu upande mmoja na ile yenye masahihisho ya mwalimu upande wa pili. Ninaposoma tafsiri, huweka tarjuma ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy karibu na ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, na tofauti za maneno yao hunirudisha kwenye Kiarabu chenyewe.

Ndugu msomaji, katika Suratul Baqara, aya ya 273, Mwenyezi Mungu anatutajia mafakiri ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri, kwa jinsi wanavyojizuia kuomba. Dada yule alikuwa mmoja wao. Watu wa aina hiyo hawatakuja kugonga mlango wa kamati kuuliza jina lao limeenda wapi. Kwa hiyo, nawaomba watakaoshika orodha Ramadhani ijayo: kabla ya pesa kutoka, wakae wawili, wafungue faili zote mbili kwenye skrini moja, na wasimame pale tu mstari wa mwisho utakapotiwa rangi.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosea na atujaalie kuwa watunzaji wa amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.