JE, NCHI ZA NG'AMBO HUHESABIWA KATIKA MIPAKA?

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tumekuwa na ubishi ambao haukuishia darasani, bali ulitufuata mpaka bwaloni na mabwenini. Swali lenyewe ni fupi: Ni nchi gani inayopakana na Ufaransa kwa mpaka wa nchi kavu ulio mrefu kuliko yote? Wengi walijibu Hispania, kwa kuwa ndivyo ramani ya Ulaya inavyoonyesha. Wachache tulisema Brazili, tukachekwa. Napenda kueleza hapa sababu za jawabu letu, na pia kwa nini jawabu la namna hiyo haliwezi kutumika kwa kila nchi.

Tuanze na Ufaransa. Huko Amerika ya Kusini, kaskazini mwa Brazili, iko Guiana ya Kifaransa, ambayo mji wake mkuu ni Cayenne. Zamani ilikuwa koloni, lakini mwaka 1946 ilifanywa kuwa mkoa wa Ufaransa. Tangu hapo, kwa sheria ya Kifaransa, si mali ya Ufaransa bali ni Ufaransa yenyewe. Wenyeji wake humpigia kura Rais wa Ufaransa, huchagua wajumbe wa Bunge la Paris, na fedha yao ya sokoni ni yuro. Mpaka wake na Brazili, ambao kwa sehemu kubwa unafuata mto Oyapock, una urefu wa kilomita 730 hivi. Hali ule wa Ufaransa na Hispania, katika milima ya Pyrenees, ni kilomita 620 hivi. Juu ya mto huo kuna daraja lililokamilika mwaka 2011 na kufunguliwa mwaka 2017. Mtu alivukaye kutoka Brazili anaingia Ufaransa, ijapokuwa Paris iko mbali naye zaidi ya kilomita 7,000. Wako watakaosema kwamba bahari iliyo katikati yabatilisha jambo hilo. La hasha! Kisiwa cha Mafia nacho kimetengwa na maji, wala hakuna asemaye kuwa si Tanzania.

Je, basi tuseme kila nchi ya ng'ambo huhesabiwa? Hapana. Tazameni Gibraltar, mwamba mdogo ulio kusini mwa Hispania. Hispania iliwapa Waingereza mahali hapo kwa Mkataba wa Utrecht wa mwaka 1713. Wakaaji wake ni raia wa Kiingereza, lakini hawachagui mjumbe wa Bunge la London. Wanalo bunge lao wenyewe. Gibraltar ni milki ya Uingereza, wala si sehemu ya Ufalme wa Muungano. Kwa hiyo, aulizwaye Ufalme huo unapakana na nani katika nchi kavu, jawabu lake ni Ayalandi peke yake. Hata hivyo mpaka wa Gibraltar si wa kudharauliwa kwa kuwa ni mfupi. Mwaka 1969 serikali ya Jenerali Franco iliufunga, jamaa wakatengana, na wafanyakazi Wahispania waliokuwa wakivuka kila siku wakapoteza kazi zao. Wapita kwa miguu waliruhusiwa tena mwaka 1982, na magari mwaka 1985.

Mfano wa tatu u karibu nasi, katika visiwa vya Komoro, ambavyo lugha yake ni ndugu wa Kiswahili. Katika kura ya mwaka 1974, visiwa vitatu vilitaka uhuru, lakini watu wengi wa Mayotte walichagua kubaki na Ufaransa. Komoro ilijitangazia uhuru mwaka 1975, ikidai visiwa vyote vinne, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono dai hilo. Ufaransa haikukubali, na mwaka 2011 Mayotte ikawa mkoa wake kamili. Kutoka Anjouan mpaka Mayotte ni kilomita 70 hivi tu za bahari. Zamani watu walikwenda na kurudi kutazama jamaa zao. Tangu mwaka 1995 Mkomoro anatakiwa viza. Wasioipata huvuka usiku kwa mashua ndogo, na wengi wamekufa maji. Kwa sheria ya Paris wanavuka mpaka wa Ufaransa; kwa sheria ya Moroni wanasafiri ndani ya nchi yao.

Basi wenzangu mnaojiandaa kwa mtihani, yafaa kabla ya kujibu mjiulize mambo mawili. Kwanza, je, nchi hiyo ya ng'ambo ni sehemu ya dola kwa sheria, au ni milki yake tu? Ikiwa ni sehemu, ihesabuni. Ikiwa ni milki, itajeni kwa jina lake na mseme ni ya nani. Pili, je, yuko anayebisha? Ikiwa yuko, andikeni madai ya pande zote mbili. Na wazazi watakaosoma gazeti hili likizoni wasishangae wakisikia watoto wao wakisema kwamba Ufaransa inapakana na Brazili. Wamwombe mtoto alete atlasi, wafungue ukurasa wa Amerika ya Kusini, wautafute mto Oyapock.

— Mwanafunzi, Kidato cha Nne