Siku mbili mbele ya kutia sahihi



Kila mara tunaongea hapa juu ya mbegu, maharagi na bei ya viazi. Leo tunaongea juu ya karatasi. Wengi kati yenu hamuishi na shamba peke yake. Mtoto mmoja anachunga ng'ombe katika ferme huko Masisi, mwingine analinda depo, mwingine amepata kazi kwa kampuni ndogo inayotumikia kampuni kubwa ya mgodi kule Walikale, binti amechukuliwa kuwa mhamasishaji wa mradi. Siku ya kuandikwa kazi, wote wanasikia maneno yale yale: "Sinye leo. Kama hautaki, wengine wako inje." Na kweli wako inje. Njo maana watu wanatia kidole kwenye karatasi ambayo hawakusoma.

Kila koperative ijue jambo hili. Sheria ya kazi ya inchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlazimisha patron kumpa mfanyakazi kopi ya mkataba siku mbili za kazi, ao zaidi, mbele ya kutia sahihi, pamoja na karatasi zingine ambazo mkataba unazitaja. Basi kuomba kopi ya kwenda kusoma si kukataa kazi, wala si kiburi.

Namna ya kuomba ni kitu kingine. Mbele ya kapita aliyekasirika, sheria ya Kinshasa iko mbali sana. Tunapenda maneno kama haya: "Baba, aksanti kwa kazi, ninaitaka. Ninaomba kopi nikaisome na wazee wa nyumbani. Siku ya ine asubui niko hapa na biki yangu." Munaona, ametaja siku ya kurudi, na hajataja sheria. Sheria ibaki kwanza mfukoni.

Mkataba karibu kila mara uko kwa Kifaransa. Kwa hiyo ikalieni watu watatu: mmoja anayejua kusoma Kifaransa vizuri (sekretere wa koperative, mwalimu, muganga wa santre), mmoja wa kugeuza kwa Kiswahili, na mwenye kazi mwenyewe. Kila kipande kikisomwa, mwenye kazi akirudilie kwa maneno yake. Pale anakwama, wekeni alama.

Tuchukue mfano wa mchungaji. Mkataba unasema: "Ng'ombe ikipotea, mchungaji atalipa." Maneno mane tu. Lakini kwetu ng'ombe inapotea kwa njia nyingi. Watu wenye silaha wanakuja usiku na kuiswaga. Inakufa na ugonjwa. Inateleza kwenye mulima wakati wa mvua. Ao mchungaji alilala. Ni ile ya mwisho tu ambayo ni kosa lake, lakini maneno yale mane yanamubebesha zote. Bei ya ng'ombe moja inakula mishahara ya miezi mingi, na kijana aliyekuja kutafuta pesa ya masomo ya wadogo zake anajikuta mtumwa wa deni.

Hapa kuna kitu cha kuomba. Baada ya neno "atalipa", kiongezwe: isipokuwa wizi wa watu wenye silaha, ugonjwa ao ajali, kama mchungaji ametoa habari siku ile ile. Patron mwenye akili hatakataa, maana na yeye anahitaji habari siku ile ile kuliko anavyohitaji deni ambalo halitalipwa. Tena siku ya kwanza ng'ombe zihesabiwe mbele ya wote wawili na hesabu iandikwe. Bila hesabu ya kuanza, hesabu ya kumaliza ni ugomvi.

Mambo mengine mutazame upesi. Mshahara ni wa franka ao dolari, na kama ni dolari inayolipwa kwa franka, kwa taux ya siku gani? Amri ya Mei 2018 iliweka kima cha chini 7 075 franka kwa siku kwa mfanyakazi asiye na ufundi, na kisha kimepandishwa; ulizeni kile cha sasa. Unga na maharagi ya patron ni juu ya mshahara, ao vinakatwa ndani? Saa za kazi hazipite 9 kwa siku na 45 kwa juma. Muda wa kujaribiwa uandikwe, na kwa kazi isiyo na ufundi usipite mwezi mmoja. Wakikata 5 kwa mia ya CNSS, omba namba yako ya CNSS, la sivyo hautajua pesa inaenda wapi. Na anayetoka Masisi kwenda kufanya kazi Walikale aulize nani analipa njia ya kwenda, na zaidi nani analipa ya kurudi kazi ikiisha.

Juu ya wale wa kazi ya siku kwa siku: mtu akifanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akaandikwa tena mbele ya miezi ile kuisha, sheria inamhesabu kuwa na mkataba usio na mwisho. Andika siku zako katika daftari, kila magaribi.

Usiombe yote. Chagua mambo mawili. Tumeona kwamba kwa kijana asiye na kazi ingine, mshahara hauongezeki kwa urahisi, lakini neno la deni, chakula na tarehe ya kulipwa vinasogea. Kile patron amekubali kwa mdomo kiandikwe pembeni, wote wawili watie sahihi pale. Kisha chukua kopi yako. Vita ikija nyumba inabaki na karatasi zake, kwa hiyo piga picha na simu na umpe ndugu wa mji mwingine aichunge.

Na kama patron anakataa kabisa kutoa kopi? Enda na shahidi, andika tarehe na maneno aliyosema. Kuna wakati njaa itakufanya utie sahihi hata hivyo, na hatutakucheka. Daftari lile ndilo utakalomwonyesha inspekta wa kazi siku njia itakapokuwa wazi.

Kwa mkutano ujao: koperative nyingi zina mlinzi wa depo ao mpimaji wa mavuno. Yeye pia ana patron, na patron ni nyinyi. Mleteni, musome mkataba wake kwa sauti, yeye akiwa wa kwanza kuongea. Kama hakuna mkataba ulioandikwa, anzeni kuuandika pale pale, na mumpe siku zake mbili.