Usilipe kabla hujakishika mkononi

NDUGU msomaji, mwaka jana dada yangu, ambaye ni mjane na anaishi kwa kuuza vitafunio kwa oda, alinikabidhi Sh 350,000 nimnunulie simu. Kwa kukwepa msongamano wa Kariakoo, nikatafuta kwenye intaneti. Simu niliyoiona dukani kwa Sh 420,000, huko iliuzwa Sh 340,000. Nikatuma fedha, na jioni kijana wa bodaboda akaleta boksi.

Nilipobonyeza *#06#, namba ya tarakimu 15 iliyotokea kwenye kioo haikulingana na ile ya kwenye boksi. Nikaituma kwenda 15090 ili kuihakiki, majibu yakataja simu ya aina nyingine kabisa. Muuzaji hakupokea, na baadaye hakupatikana tena. Fedha ya mjane ilipotelea mikononi mwangu, ikanibidi niilipe.

Je, funzo ni kwamba wa mtandaoni ni matapeli na wa madukani ni waaminifu? La hasha! Simu bandia ambazo TCRA ilizizima Juni 2016 zilikuwa zikiuzwa madukani mchana kweupe. Na ni mara ngapi tumepewa risiti yenye maneno kwamba mali ikiuzwa hairudishwi?

Katika fiqhi, mnunuzi aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana khiyari ya kukirudisha. Muuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza hasalimiki kwa maandishi ya kwenye risiti. Sote tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, akamkemea mwenye mali kwa kutoweka kilicholowa juu watu wakakiona.

Kwa hiyo swali si dukani au mtandaoni. Swali ni je, nitakikagua kabla ya kulipa, na kesho nitampata muuzaji? Tumia intaneti kulinganisha bei na sifa za kitu. Lakini ukiagiza, lipa baada ya kukiwasha na kukijaribu. Asiyekubali, mwache. Linganisha namba ya simu na ya boksi. Dai risiti ya EFD, na waranti iliyoandikwa muda wake na namba ya kifaa. Na bei ikiwa chini mno kuliko kwa wengine, jiulize kwa nini kabla hujafurahi.

Kwenu ndugu zangu wafanyabiashara: kama simu imefunguliwa na kutengenezwa, semeni. Mnunuzi akiridhika atachukua kwa bei yake, nanyi mtakula halali. Huenda fedha mnayohesabu pale kaunta ni ya mjane aliyeidunduliza kwa sambusa.

Wabillahi tawfiq.