Takadini: Hatari Inapotoka Nyumbani

FASIHI ANDISHI – RIWAYA
Dhamira: Mauaji ya watu wenye ulemavu ndani ya familia

Swali la mfano: "Adui wa mtu mwenye ulemavu mara nyingi si mgeni." Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kutumia riwaya ya Takadini ya Ben Hanson.

Ukikutana na swali la namna hii, usikimbilie kuandika "mila potofu" kisha ukahamia hoja inayofuata. Karibu kila mtahiniwa ataandika maneno hayo mawili, na msahihishaji atakuwa ameyasoma mara mia kabla ya kufika kwenye karatasi yako. Swali hili linataka jambo mahususi: ni nani hasa alitarajiwa kumuua mtoto, au kukubali auawe? Ukijibu hilo, hoja nyingine zitajipanga zenyewe.

Kumbuka kisa. Sekai ni mke wa Makwati. Amekaa miaka mingi bila mtoto katika jamii ambayo mwanamke asiyezaa hahesabiwi kitu, huku wake wenza wakiwa na watoto wao. Hatimaye anajifungua mtoto wa kiume. Furaha haimalizi hata siku, kwa kuwa mtoto ana ualbino, na mila ya kijiji inasema mtoto wa namna hiyo haachwi hai. Sekai anatoroka naye. Anapokewa ugenini na Mzee Chivero, na huko Takadini anakua akitengwa, mpaka Shingai anapompenda bila kujali maneno ya watu.

Sasa rudi kwenye siku ile ya kuzaliwa. Mtoto hajatekwa na majambazi wala hajavamiwa na kabila jirani. Hukumu inatokana na mila inayolindwa na wazee wa kijiji chake mwenyewe, na nyumba inayotakiwa kuitii ni ya Makwati, baba yake mzazi. Mlango ambao Sekai anaukimbia ni mlango wa kwake. Ndiyo sababu kutoroka kwake kuna uzito kuliko safari ya kawaida: ili mtoto aishi, mama analazimika kuacha kila kitu ambacho mwanamke wa wakati ule alikiita ulinzi, yaani mume, ukoo na ardhi. Ugenini, ambako kwa kawaida tungetegemea hatari, ndiko anakopata hifadhi. Mwandishi amegeuza mahali pa usalama na mahali pa hatari. Hoja hii ukiieleza vizuri itakupa alama, kwa sababu inagusa maudhui na fani kwa pamoja (mandhari, mgogoro na ujenzi wa wahusika).

Usisahau jina la kitabu. Takadini ni neno la Kishona, lugha ya Zimbabwe, na maana yake ni "tumefanya nini?" Tazama kiambishi cha nafsi katika tafsiri hiyo: ni "tu-", si "ni-". Anayeshtakiwa si mtoto peke yake. Mama naye yuko kizimbani, na anauliza kosa lao wote wawili ni lipi.

Je, kosa lao ni lipi? Hapa tumia somo lako la Baiolojia. Ualbino hurithiwa. Baba na mama wanaweza wote kuwa na ngozi nyeusi tii na kila mmoja akabeba jeni ya ualbino bila kujua. Wakikutana watu wawili wa aina hiyo, kila mimba ina uwezekano wa mara moja kati ya nne wa kuzaa mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo nusu ya chanzo cha hali ya mtoto imetoka kwa baba. Hata hivyo, katika jamii nyingi, Tanzania ikiwemo, ni mama anayetuhumiwa kuwa ametembea nje ya ndoa au amelaaniwa, na baba akaondoka. Mtoto anabaki bila mlinzi mmoja kabla hata hajajifunza kukaa.

Kuhusu Tanzania, andika kwa uangalifu. Ni kweli kwamba kuanzia miaka ya 2006 na 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliongezeka hasa Kanda ya Ziwa, na imani ya waganga kwamba viungo vyao huleta utajiri ndiyo iliyokuwa kichocheo. Wengi huishia hapo, wakimlaumu mganga. Lakini mganga anayekaa mbali hajui mtoto analala chumba gani wala mama anakwenda kisimani saa ngapi. Anayejua ni mtu wa karibu. Mwezi Mei 2024, wilayani Muleba mkoani Kagera, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino alinyakuliwa nyumbani kwao, na mwezi Juni mwili wake ukapatikana. Watu 9 walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za mauaji, na mmoja wao alikuwa baba yake mzazi. (Katika mtihani andika "alishtakiwa". Usiandike "aliua" kwa mtu ambaye unachokijua ni kwamba ameshtakiwa tu. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ya kisheria na pia ya lugha.)

Kuna mtahiniwa atakayesema kwamba haya ni mambo ya ushirikina, kwa hiyo penye elimu hayapo. Si kweli. Mwaka 1993 nchini Kanada, baba mmoja mkulima alimuua binti yake wa miaka 12 aliyekuwa na mtindio wa ubongo. Hakutaja mizimu wala laana. Alisema alitaka kumwondolea mtoto maumivu, na watu wengi walimwonea huruma, yeye baba. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa utetezi wake na kuthibitisha kifungo cha maisha. Nchini Marekani, tangu mwaka 2012, kila tarehe 1 Machi watu wenye ulemavu hukusanyika kuwakumbuka wenzao waliouawa na wazazi au walezi. Kwa hiyo kisingizio hubadilika, huku laana, kule huruma, lakini aliyekufa hakuulizwa.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010. Hizo zitaje kwa sentensi moja tu. Hili ni somo la Kiswahili, si Uraia.

Tumia nafasi yako zaidi kwenye lugha, maana hapo ndipo wengi hawagusi. Umejifunza tafsida: kutumia maneno laini badala ya makali. Tafsida ni adabu tunapozungumzia msalani au uzazi. Lakini sikiliza jamii inavyosema mtoto mwenye ulemavu anapokufa katika mazingira ya kutatanisha: "hakukaa", "amepumzika", "Mungu amemchukua", "mama yake naye amepumzika." Kisha linganisha vitenzi hivi vitatu: alikufa, aliuawa, walimuua. Katika "alikufa" hakuna mtenda. Katika "aliuawa" mtenda yupo lakini amefichwa na kauli ya kutendwa. Katika "walimuua" anasimama mbele yetu. Kadiri jamii inavyotaka kumlinda muuaji, ndivyo inavyochagua kitenzi cha kwanza.

Jambo la majina nalo. Katika riwaya na katika vitabu vya zamani utakuta "zeruzeru" na "kilema". Ukinukuu, nukuu kama ilivyo. Katika maelezo yako mwenyewe andika "mtu mwenye ualbino" na "mtu mwenye ulemavu". Na usikosee upatanisho: kilema, kipofu na kiziwi yana umbo la KI-VI lakini huchukua upatanisho wa A-WA, kwa hiyo ni "kiziwi amefika", si "kiziwi kimefika". Ukiandika "kimefika" umemgeuza mtu kuwa kitu, na sarufi yenyewe inakukataza.

Sasa linganisha majibu mawili.

Jibu dhaifu: "Katika riwaya ya Takadini kuna mila potofu. Mfano, zeruzeru walikuwa wanauawa. Hii si nzuri kwani zeruzeru ni binadamu kama sisi."

Jibu lenye nguvu: "Hatari ya kwanza inayomkabili Takadini inatoka ndani ya familia yake. Mila inamtaka Makwati, ambaye ndiye baba, akubali mtoto wake afe, na Sekai anatambua kuwa akibaki kwa mumewe mtoto hataishi. Anapotoroka anapoteza ndoa na ukoo, lakini anapata kwa Mzee Chivero, asiye ndugu yake, hifadhi aliyoikosa nyumbani. Kwa njia hii mwandishi anaonesha kuwa undugu wa damu hautoshi kumlinda mtu mwenye ulemavu."

Jibu la pili halina maneno magumu. Limemtaja mhusika, limetaja tendo, limesema tendo hilo linathibitisha nini, na kila sentensi imerudi kwenye swali. Jibu la kwanza lina huruma tu, na kauli yake ya mwisho ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajafungua kitabu.

Onyo moja kuhusu Makwati. Usimchore kama katili. Ni mtu anayeogopa wazee wake na kuogopa wanakijiji watasema nini. Wazazi wengi katika visa vya kweli wako hivyo, na ukimfanya shetani utashindwa kueleza kwa nini watu wa kawaida hufikia hatua ile.

ZOEZI

1. Sekai angebaki kwa Makwati na kuwaomba wazee wamwonee huruma, hadithi ingekwendaje? Jibu kwa kutumia mifano kutoka kwenye riwaya, si kwa kubuni tu.

2. Eleza jinsi Mzee Chivero na Shingai wanavyotumika kupinga imani ya kijiji alikozaliwa Takadini.

3. "Tafsida inaweza kuficha uhalifu." Jadili kwa kutoa mifano minne kutoka katika jamii yako.

4. Badili sentensi hizi ziwe katika kauli ya kutenda, kisha eleza maana inavyobadilika: (a) Mtoto alifungiwa ndani kwa miaka mitatu. (b) Mgonjwa alinyimwa chakula. (c) Alizikwa usiku.