Kosa Dogo, Hakimu Gani? Fahamu Haki Yako

Mchuuzi wa Kawangware amekamatwa akiuza mboga bila leseni. Kijana wa Kibera anadaiwa kuzua fujo mtaani. Ni nani ana mamlaka ya kuamua kesi zao?

Jibu ni hakimu. Chini ya Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015, makosa madogo husikilizwa na mahakimu, kuanzia Hakimu Mkazi hadi Hakimu Mkuu. Makosa ya sheria ndogo za kaunti, kama vile uchuuzi bila leseni, husikilizwa katika Mahakama ya City Hall. Makosa mengine hupelekwa mahakama ya eneo, kwa mfano Mahakama ya Kibera. Ukikamatwa, uliza unapelekwa mahakama gani.

Wasio na mamlaka hayo

Chifu, mzee wa mtaa, polisi na askari wa kaunti hawana uwezo wa kumhukumu mtu wala kumtoza faini barabarani. Faini huamuliwa na mahakama, hulipwa kwa njia rasmi, na hutolewa risiti. Mahakama ya Kadhi hushughulikia ndoa, talaka na urithi miongoni mwa Waislamu. Ile ya Madai Madogo haisikilizi jinai. Hushughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni.

Mtoto hushtakiwa katika Mahakama ya Watoto. Aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa kosa la jinai.

Ukikamatwa

Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata iwapo muda huo utaisha mahakama ikiwa imefungwa. Kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, halikuweki rumande.

Usikiri kosa ili tu urudi nyumbani mapema. Ukikiri, rufaa yako itahusu adhabu pekee, si hatia. Usipoelewa lugha ya mahakama, omba mkalimani. Huduma hiyo hailipishwi.

Ukipatikana na hatia, hakimu anaweza kukupa kazi ya huduma kwa jamii badala ya kifungo. Usiporidhika, una siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu.