Boila Ikizima Siku ya Baridi Kali: Mwongozo kwa Kaya Zinazotumia Gesi Uingereza

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza katika nyumba zinazopashwa joto kwa boila ya gesi, wawe wapangaji au wenye nyumba. Kinaeleza kwa nini boila huzima asubuhi ile ile baridi inapozidi, mambo unayoweza kuyakagua mwenyewe, na mahali pa kuachia ili umwite fundi.

KABLA YA YOTE: JE, UNASIKIA HARUFU YA GESI?

Ukisikia harufu ya gesi, usianze kukagua boila. Fungua madirisha na milango. Usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, usivute sigara. Kama mita ya gesi ni rahisi kufikika, geuza mkono wa koki yake robo mzunguko mpaka ukae kimsalaba na bomba. Hapo gesi imefungwa. Toka nje na watu wote, kisha piga 0800 111 999. Namba hiyo ni ya bure, inapokelewa saa 24, na inahudumia England, Scotland na Wales. Walioko Ireland ya Kaskazini wapige 0800 002 001.

KWA NINI BARIDI HUZIMA BOILA

Tangu Aprili 2005, karibu boila zote mpya za gesi zinazofungwa England na Wales zinatakiwa ziwe za aina inayopoza moshi kabla ya kuutoa nje. Moshi ukipoa, mvuke uliomo hugeuka maji, na joto linalookolewa huingia kwenye maji ya radieta. Ndiyo maana boila hizi hula gesi kidogo kuliko za zamani.

Lakini yale maji lazima yaende mahali. Yana asidi kidogo, na siku ya baridi yanaweza kufika lita kadhaa. Hutiririka kwa bomba jembamba la plastiki hadi kwenye njia ya maji taka. Bomba hilo likipita nje ya ukuta, halijoto ikishuka chini ya nyuzi 0 maji huganda ndani yake. Yakikosa njia hurudi kwenye boila, nayo hujizima ili isiharibike. Katika Desemba 2010, ambayo ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote Uingereza tangu angalau mwaka 1910, kaya nyingi zilikosa joto kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo boila iliyozima siku ya barafu si lazima iwe mbovu. Mara nyingi imezibwa tu.

KAGUA KWA UTARATIBU HUU

1. Umeme na gesi. Boila ya gesi haiwaki bila umeme. Angalia swichi yake na sanduku la fyuzi. Kama unatumia mita ya kulipia kabla, hakikisha salio halijaisha. Washa jiko la gesi: likikataa nalo, tatizo halipo kwenye boila.

2. Themostati. Badilisha betri zake. Hakikisha saa yake ni sahihi na joto ulilochagua ni kubwa kuliko joto la chumba.

3. Presha ya maji. Tazama geji ya boila wakati mfumo umepoa. Kwa boila nyingi mshale unatakiwa uwe kati ya bar 1 na 1.5. Ukiwa chini ya hapo, fuata maelekezo ya kijitabu cha boila kuongeza maji: fungua koki za mpira wa kujazia polepole, mshale ukifika funga zote. Presha ikishuka tena baada ya siku chache, kuna mahali panavuja, mwite fundi.

4. Bomba la nje. Hapa ndipo penye tatizo siku za barafu. Dalili zake ni hizi: jana usiku boila ilifanya kazi, leo inajaribu kuwaka na kuzima, inagugumia, na kioo chake kinaonyesha namba ya hitilafu. Linganisha namba hiyo na kijitabu cha boila, maana kila kampuni ina zake.

JINSI YA KUYEYUSHA BARAFU

Nenda nje, upande wa ukuta ilipo boila. Tafuta bomba la plastiki, jeupe, jeusi au la kijivu, linalotoka ukutani na kushuka hadi kwenye shimo la maji taka. Lipapase. Barafu hupenda kukaa kwenye viwiko, sehemu iliyobonyea, na mdomoni.

Chemsha maji, yaache yapoe kidogo, kisha yamimine polepole juu ya bomba. Maji yanayotokota yanaweza kulipasua. Unaweza pia kulizungushia taulo lililochovywa kwenye maji ya moto au kuliwekea chupa ya mpira ya maji ya moto. Usitumie moto wa aina yoyote. Maji yaliyomwagika chini yataganda na kuwa utelezi, kwa hiyo nyunyiza chumvi.

Barafu ikishayeyuka, rudi ndani ubonyeze kitufe cha Reset kama kijitabu kinavyoelekeza. Ikishindwa kuwaka baada ya kujaribu mara mbili au tatu, acha. Na kama bomba liko juu, usipande ngazi kwenye barafu. Hiyo ni kazi ya fundi.

Ili lisigande tena, fundi anaweza kulivisha sponji ya kuzuia baridi isiyoharibiwa na mvua, kulipa mteremko mzuri, au kuweka bomba pana zaidi. Bora zaidi ni kulipitisha ndani ya nyumba.

MAMBO YA KUTOFANYA

Usifungue kifuniko cha boila kinachoshikwa na skrubu. Sheria inataka kazi ya gesi ifanywe na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, si jamaa wa msikitini au kanisani anayejua kazi za mikono. Mwombe kitambulisho: kina picha, namba, na nyuma yake kimeandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya.

Usiingize jiko la mkaa ndani ili kuota, hata ukiacha dirisha wazi, wala usipashe nyumba joto kwa oveni ya gesi. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Boila mbovu nayo huweza kuitoa. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu kadhaa ndani ya nyumba, na mkitoka nje mnapata nafuu, zima boila, tokeni, pigeni namba ya dharura ya gesi na mtafute matibabu. Fungeni king'ora cha gesi hiyo na mkijaribu mara kwa mara.

HAKI YA MPANGAJI

Mwenye nyumba anapaswa kukagulisha vifaa vyake vya gesi kila mwaka kwa fundi aliyesajiliwa na kukupa nakala ya cheti ndani ya siku 28. Kwa England, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 inamtaka pia atengeneze mfumo wa joto na wa maji ya moto. Mpe taarifa kwa maandishi, eleza siku boila ilipozima, na utunze nakala. Akinyamaza, wasiliana na halmashauri ya eneo lako. Kama nyumbani kuna mzee, mgonjwa au mtoto mchanga, litaje hilo mapema.

Usingoje Desemba. Kagulisha boila yako kabla ya majira ya baridi, na leo hii toka nje ulitazame bomba lake linapita wapi.