Mafunzo Niliyopata Nikiosha Miguu ya Watu Kitale na Bungoma

Kanisa letu halina beseni. Sisi wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, hatubatizi kwa maji, hatugawi mkate na divai, wala Alhamisi Kuu hatuoshani miguu mbele ya waumini. Tangu Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole walipotoka Marekani na kufungua misheni Kaimosi mwaka 1902, tumefundishwa kwamba neema haitegemei ishara ya nje, na kwamba meza yoyote ya chakula yaweza kuwa meza ya Bwana. Leo Kenya ina Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na wengi wao wako huku magharibi. Nimelelewa katika imani hiyo upande wa Lugulu na sijaiacha. Lakini imani ya namna hii humdai mtu. Ukishaliondoa beseni kanisani, sharti lionekane kwingine.

Kwangu mimi na akina mama wenzangu limeonekana chini ya miti, kwenye nyua za watu wenye funza. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu wa huku huwajua watoto wa funza hata kabla hajawaona miguu: ndio wanaofika kengele ikiwa imeshalia, na ndio wasiotoka kucheza. Kikundi chetu huenda wikendi na likizo, mara Kipsongo na Matisi pale Kitale, mara vijiji vya Chwele na Kimilili kule Bungoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anayetumikia ndiye anayekaa chini

Mgonjwa tunampa kiti. Kama boma lina kiti kimoja, ni chake, hata akiwa mtoto wa miaka sita na mwoshaji ni mke wa mchungaji. Sisi tunatandika gunia na kukaa chini. Hii si adabu tu. Ukiwa umesimama huwezi kuuona wayo.

Tunatia maji ya vuguvugu kwenye beseni, kisha chembe chache za dawa ya pamanganeti, mpaka maji yawe ya zambarau nyepesi. Zikizidi zinaunguza ngozi. Mguu unalowekwa kama robo saa, uchafu unaachia, halafu unaupakata mapajani juu ya taulo na kuukausha taratibu, kidole kwa kidole. Hapo ndipo unapoona. Uvimbe mweupe wenye kidoti cheusi katikati ni funza jike aliyejichimbia ndani, na kile kidoti ndicho kitundu anachopumulia na kutolea mayai. Wamo pembeni mwa kucha na kwenye visigino, mara nyingine wamebanana hadi ngozi yenyewe haionekani. Namkumbuka mvulana mmoja wa Matisi aliyekuwa akitembelea kingo za nyayo, magoti yamepinda kwa nje. Alipoingiza miguu majini alifumba macho, akanishika bega kwa mikono yote miwili. Hakulia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia juu ya Yesu, nikaona hayana nafasi. Bega ndilo alilolihitaji.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mahali ulipokaa ndipo panapohubiri kwanza. Mtu akikutazama kutoka juu, akakuona uko chini ya goti lake na mguu wake unaonuka uko mapajani mwako, ameshajua ulichokuja kufanya. Ukikosea hapo, maombi marefu ya mwisho hayatakuokoa.

2. Aibu huuma kuliko funza

Vijijini mwetu mwenye funza husemwa kwamba ni mvivu, mchafu, au amerogwa. Nimekuta wazee waliojifungia ndani miezi mingi kwa sababu hiyo, na mama aliyekuwa akiwaficha wanawe nyuma ya nyumba kila alipoona mgeni.

Nikiwa mwalimu, nimeona historia inasaidia kuliko kukaripia. Ninawasimulia kwamba mdudu huyu si wa kwetu. Alitoka Amerika ya Kusini, na inasimuliwa kwamba mwaka 1872 alishushwa pwani ya Angola pamoja na mchanga wa meli iliyotoka Brazil. Akasafiri na misafara, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshalivuka bara na kufika huku kwetu. Mzee mmoja wa Chwele, aliyeamini kwamba shemeji yake ndiye aliyemtupia funza kwa uchawi, alisikiliza kisa cha meli mpaka mwisho, akauliza: "Kwa hiyo hata wazungu waliumwa?" Nikamwambia ndiyo, Kuka (yaani babu), waliumwa, na wapagazi wao, na askari wao. Alicheka. Kisha akatoa mguu wa pili, ambao alikuwa ameukunja chini ya kiti muda wote.

Ndiyo maana hatupigi picha. Ninajua wafadhili hupenda picha, na ninajua vikundi vingine husema bila picha hakuna msaada. Mimi sikubali. Bwana alikataza mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na simu ni zaidi ya mkono wa kushoto: ni macho ya watu elfu. Mtoto wa Kipsongo atakua, atataka kuoa au kuolewa, atataka kazi. Mguu wake wa leo usimfuate.

3. Muulize anayetumikiwa anataka nini

Vikundi vingi huja na viatu. Ni vizuri, viatu hukinga. Lakini kuna kukhu mmoja, yaani bibi mzee, karibu na Kimilili aliyetufundisha kuuliza kwanza.

"Kukhu, tukuletee nini safari ijayo?"

"Viatu ninavyo, mwanangu. Viko pale ndani ya sanduku, jozi tatu. Kila anayekuja huniletea viatu. Mimi nataka maji."

Tukadhani ni maji ya kunywa. Akaonyesha sakafu kwa fimbo yake. Ilikuwa ya udongo, imepasuka, na vumbi lake laini lilikuwa limejaa kwenye nyufa. Akaeleza kwamba alipokuwa na nguvu aliikandika kila wiki kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na wakati huo hakuwa na funza hata mmoja. Sasa mgongo hauinami, mtoni ni mbali, wajukuu wako Nairobi. Alikuwa ameeleza maisha ya funza sawasawa na wataalamu wanavyoyaeleza: mayai hudondoka chini, vibuu hukulia kwenye vumbi kavu lenye kivuli, na baada ya wiki chache wanapanda tena miguuni. Anayelala kwenye sakafu hiyo akioshwa leo, kesho anaanza upya.

Vijana wa kanisa walibeba maji kwa jerikeni, akina mama wakakanyaga udongo na samadi, na kukhu akakaa mlangoni akisimamia. Alikuwa msimamizi mkali. Alimrudisha mwenyekiti wetu kona moja mara mbili kwa sababu hakulainisha vizuri, na mwenyekiti wetu, mama anayeheshimiwa Bungoma nzima, alirudia bila neno. Kazi ile ilikuwa ya kukhu, sisi tulikuwa mikono yake.

Nadhani hili ndilo gumu kuliko yote. Kutoa pesa ni rahisi, hata kutoa jasho ni rahisi. Kumwachia mtu maskini aamue jasho lako litumike wapi, hapo kiburi hukataa. Ukisoma Yohana sura ya 13 utaona Bwana alivua vazi lake kabla ya kushika taulo. Kwetu sisi vazi gumu kuvua ni lile la kujua.

4. Rudi

Kuosha mara moja ni kumtembelea mtu, si kumtibu. Mayai yamebaki ardhini, vidonda vinaweza kuingiwa na pepopunda, na jirani asiyeoshwa anaambukiza boma zima, kama wanavyofanya mbwa na nguruwe. Zamani tulitumia pini. Siku hizi wahudumu wa afya wanatushauri tusichokoe, kwa sababu pini inayopita mguu hadi mguu inaweza kubeba virusi vya ukimwi na vya homa ya ini. Wanapendekeza dawa ya kupaka inayowaua funza wakiwa humo humo ndani ya ngozi. Dawa inataka subira, na subira inataka nauli. Anayesema atarudi Jumamosi arudi Jumamosi, hata mvua ya Aprili ikiwa imeifanya barabara ya ndani kuwa tope na bodaboda zimekataa.

5. Yuda naye alioshwa

Hili sikulitafuta. Lilitupata kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Wasomaji wa huku wanakumbuka. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force) mwaka 2006, na hadi mwaka 2008 watu zaidi ya 600 walikuwa wameuawa na maelfu kwa maelfu wamehama, wakateremka Chwele, Kimilili, Bungoma mjini na Endebess. Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi katika Operesheni Okoa Maisha, na watetezi wa haki za binadamu wakaandika habari za mateso na kupotea kwa watu mikononi mwa pande zote mbili. Kwa hiyo kuna mama aliyepoteza mwana kwa wanamgambo, na jirani yake aliyepoteza mwana kwa wanajeshi, na wote wanateka maji kisima kimoja. Kanisa letu liliendesha huko semina za kuponya majeraha ya moyo, kwa njia iliyoanzia Rwanda na Burundi baada ya mauaji ya huko. Kazi njema. Sisi tulifuata miaka kadhaa baadaye na mabeseni yetu.

Katika boma moja la juu alitolewa mzee mwenye miguu iliyooza. Mwenzetu mmoja akanong'ona jina la ukoo wake, na nikamwona dada aliyekuwa zamu ya kuosha akibadilika uso. Vijana wa boma lile walijulikana walikuwa upande gani. Ndugu wa huyu dada aliuawa na upande huo. Nilimgusa, nikamwambia anipishe, nitaosha mimi. Akatikisa kichwa. Alikaa kwenye gunia, akauchukua mguu, akauosha wote, katikati ya vidole, chini ya kucha, akaufunga bandeji. Hakusema kitu, na mzee hakusema kitu, ingawa nadhani alijua.

Tuliposhuka kwenda barabarani nilitembea naye. Aliniambia: "Sijasamehe, mwalimu. Nimeosha tu."

Nimelitafakari neno lake mara nyingi. Wahubiri wetu hufundisha kwamba usamehe kwanza, ndipo utumikie kwa moyo safi. Lakini katika ule usiku wa karamu Bwana hakungoja moyo wa mtu yeyote mezani usafike, na mmoja wao, Yuda, alikuwa ameshapatana bei ya kumsaliti. Aliosha na miguu ya huyo pia. Dada yetu alitii kabla ya moyo wake kufika, na sioni kwamba utii wake ulikuwa pungufu. Baadaye alirudi kumbadilisha mzee bandeji. Kuhusu moyo wake, hilo ni lake na Mungu.

6. Kubali chai

Kipsongo wanakaa Waturkana wengi, watu ambao familia zao ziliteremka kutoka kaskazini zikikimbia ukame na wizi wa mifugo. Wanaokota chuma chakavu na plastiki mjini Kitale, na vibanda vyao vingi ni vya mabaki hayo hayo. Mama mmoja tuliyemwosha pale alikoka moto akachemsha chai. Mwenzetu kijana akakataa kwa upole, akasema sukari hiyo ni ya watoto. Mama akanyamaza, na mimi nikaona alivyonyamaza. Nikaomba kikombe. Petro alikataa kuoshwa kwa sababu alijiona anamheshimu Bwana, na Bwana akamwambia wazi kwamba akikataa hawana shirika. Mtumishi asiyepokea kitu anataka kubaki juu, hata akiwa amekaa kwenye gunia.

Mama yule sasa ni mmoja wetu. Anazungumza Kiturkana, Kiswahili na Kibukusu cha sokoni, anajua kibanda gani kina mgonjwa aliyefichwa, na mkono wake ni mwepesi kuliko wetu sote.

7. Beseni lisikuzibe mdomo

Kuna Wakristo wanaodhani unyenyekevu ni kutodai. Mimi ninadai, na kikundi chetu kinadai. Tangu mwaka 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, zahanati na hospitali zilizokuwa za wilaya ziko chini ya kaunti, na sheria inataka wananchi washirikishwe bajeti inapopangwa. Kwa hiyo vikao hivyo vikitangazwa huwa tunakwenda, Trans Nzoia na Bungoma, tukiwa na vidole vyetu vya kahawia ambavyo pamanganeti imekataa kuvitoka. Tunaomba mambo matatu: dawa za funza kwenye zahanati, kisima karibu na vijiji vilivyoathirika, na saruji kwa sakafu za wazee wanaoishi peke yao. Mara ya mwisho aliyesimama kuzungumza kwa niaba yetu alikuwa yule mama wa Kipsongo. Alieleza bei ya mfuko wa saruji, akataja nyumba moja moja zinazohitaji, akataka kujua ombi lile litaandikwa ukurasa gani wa bajeti, na hakuketi mpaka karani alipomwonyesha.